Maswali Yenu kwa Fundi: AC Inanguruma Nje Alafu Inakata

Joto limeshika na barua za AC zimejaa. Nimezisoma zote na nyingi zinaishia kwenye kitu kimoja, kile kikopo cha aluminiamu kilichopo kwenye mashine ya nje, kapasita. Kwa hiyo mwezi huu nimezijibu hizo tu, wenye maswali ya friji na pampu naomba mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Shikamoo fundi. AC yangu ni split ya BTU 12,000, sio inveta (zile ambazo kompresa inaendeshwa na bodi), ina miaka kama mitano. Imeanza kutoa upepo tu haipoi. Nikisimama nje feni inazunguka vizuri ila kila baada ya dakika kadhaa nasikia mngurumo mmmm kwa sekunde chache, alafu ta! kimya. Fundi wa kwanza kasema gesi imeisha. Wa pili hata mfuniko hakufungua, kasema kompresa imekufa ninunue nyingine au nibadili AC nzima. Nimuamini nani? Hela yenyewe ya mawazo. (Mama wawili, Tabata)

Marahaba mdogo wangu. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi kwenye mashine ya nje, usinunue kwanza na gesi usijaze. Hiyo dalili uliyoieleza, mngurumo wa sekunde chache alafu ta, huku feni inazunguka kama kawaida, mara nyingi sana ni kapasita ya kompresa imekufa au imechoka, na kapasita ni hela ndogo mno ukiiweka pembeni ya kompresa mpya na gesi yake na kazi ya kuchomelea mabomba.

Nianze na huyo wa gesi. Gesi ya AC hailiwi, inazunguka humohumo miaka yote, ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Na AC iliyopungukiwa gesi kompresa yake inawaka na inaendelea kutembea, shida inakuwa baridi hafifu na mara nyingi utakuta barafu imeshika kwenye lile bomba jembamba pale kwenye nati. Ya kwako kompresa haijaanza hata kuzunguka, sasa gesi inaingiaje hapo? Fundi akitaja gesi kabla hajasikiliza kompresa inavyoanza mwambie asikilize kwanza, ni haki yako, nyumba ni yako na hela ni yako.

Sasa kwa nini inanguruma. Umeme wetu wa nyumbani ni fezi moja, na mota ya fezi moja ikiwa na koili moja tu haijui izungukie upande gani. Ni kama baiskeli ambayo pedeli imesimama wima juu kabisa, unakanyaga kwa nguvu zako zote haiendi mpaka mtu akusukume kidogo. Ndo maana kompresa ina koili ya pili, ya kustatia, na kapasita imekaa njiani kwenye hiyo koili, kazi yake ni kufanya umeme wa koili ya pili upishane wakati na ule wa koili kubwa ili mota ipate upande wa kuanzia. Na ikishawasha haitoki kazini, inabaki humo muda wote kompresa inapotembea. Ikifa, koili kubwa inavuta umeme mwingi huku mota imesimama palepale, inanguruma, inachemka, mpaka kile kidude cha ovalodi kinakata ili koili isiungue. Hiyo ndo ta unayoisikia. Ikipoa inarudisha, inanguruma tena, inakata tena. Ukiiacha inafanya hivyo kutwa nzima hapo ndo unaweza kuiua kompresa kweli, kwa hiyo izime kwenye breka leo leo na usiendelee kuijaribu jaribu.

Huyo wa pili naye. Kompresa iliyokufa inapimwa, haiangaliwi kwa macho ukiwa umesimama getini. Ina ncha tatu: C ya pamoja, R ya koili kubwa na S ya koili ya kustatia. Unatoa nyaya, unaweka mita kwenye ohm. C na R kwa kawaida inatoa namba ndogo, C na S kubwa kidogo, na R na S lazima ije jumla ya hizo mbili, yani kama ya kwanza ni 2 na ya pili ni 3 hii ya tatu ije karibu na 5. Alafu kutoka ncha yoyote kwenda kwenye chuma cha kompresa kusiwe na mawasiliano kabisa. Namba zikikaa hivo koili ni nzima. Na kuna hili ambalo limewatia watu hasara kubwa: kipimo kifanyike kompresa ikiwa imepoa. Ikiwa ya moto ovalodi inakuwa bado imekata, na kwenye kompresa ambazo ovalodi iko ndani mita itaonyesha C haiwasiliani na R wala S, fundi mwenye haraka anakwambia koili imekatika wakati ovalodi inasubiri tu ipoe, na lichuma lile linaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Iache izimwe tangu usiku, ipimwe asubuhi.

Kwa hiyo mwite fundi mwenye mita inayosoma maikrofaradi, ndo kipimo cha ukubwa wa kapasita, apime kapasita mbele yako. BTU 12,000 mara nyingi inakuja na 30 au 35, namba utaikuta imeandikwa kwenye kikopo chenyewe. Ikiwekwa mpya, umeme upo wa kutosha na bado inanguruma na kukata, basi hapo kompresa imekwama na huyo wa pili atakuwa sahihi. Lakini mpaka ifike hapo kapasita iwe imeshapimwa.

Fundi mambo vipi. Mi nimesoma umeme kidogo VETA, sijafanya kazi za AC ila mita ninayo na siogopi. Kapasita ya AC ya nyumbani imekufa nimeshaithibitisha, nataka kuibadilisha mwenyewe. Nipe hatua. (Kijana wa Kimara)

Poa kabisa. Hapo kwenye siogopi ndo pa kuanzia, kwa sababu hiki kitu kinashika umeme hata ukishazima kila kitu. Umeme wa volti 230 kileleni unafika 325, na kapasita ikiwa kazini inabeba zaidi ya hapo kwa sababu ya koili ya kustatia, ndo maana lebo inasema 450. Ukizima, chochote kilichokuwa humo kinaweza kubaki, na hakuna taa wala sauti ya kukwambia.

Kwanza mashine iko wapi? Kama ni ghorofani inaning'inia kwenye breketi nje ya ukuta, kama majengo mengi ya Upanga na Kariakoo, usiifanye. Nasema kwa moyo mmoja, shoti ndogo ambayo chini isingekufanya kitu, ukiwa umeinamia dirisha la ghorofa ya nne inakutupa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkanda wa usalama na mtu wa pili.

Kama iko chini, zima breka ya AC, sio remoti. Remoti inazima rilei, ile swichi ndogo kwenye bodi ya ndani, na kwenye AC nyingi rilei inakata waya mmoja tu, mwingine bado umeunganishwa, na kama aliyefunga nyumba aligeuza fezi na nyutro basi mashine ya nje iko moto muda wote hata AC ikiwa imezimwa. Ukishazima breka weka karatasi juu yake au mwambie mtu akae hapo, kuna watoto na kuna majirani wema wanaopita wakaona breka iko chini wakainyanyua. Fungua mfuniko wa pembeni, pale nyaya zinapoingia pima kwa mita fezi na nyutro, fezi na chuma, nyutro na chuma, zote zisome sifuri. Tester ya bisibisi kwa hili haitoshi.

Kapasita utaiona, mkebe mrefu wa fedha umebanwa na mkanda wa bati, juu una ncha za kubana nyaya. Kabla hujagusa piga picha na simu, karibu, kila rangi ya waya ionekane imekaa ncha gani. Alafu imwage umeme. Watu wanapitisha bisibisi juu ya ncha mbili, inapiga cheche pwaa, wanasema tayari. Acha hiyo, inaunguza ncha na inarusha vipande vya chuma cha moto usoni. Chukua risista ya kiloohm 20, wati 5, ifunge kwenye nyaya mbili zenye vishikio vya plastiki, gusisha ncha mbili hesabu mpaka kumi. Huna risista, balbu ya kizamani ya uzi ya wati 60 kwenye holda yenye nyaya mbili inafanya kazi hiyohiyo, ya LED hapana. Baada ya hapo hakikisha kwa mita, na mita iwe kwenye volti za DC. Umeme uliobaki kwenye kapasita ni DC, ukipima kwa AC itakusomea sifuri na wewe utaamini.

Ikisoma sifuri chomoa nyaya kwa plaizi ya mdomo mrefu, shika kishikio cha waya usivute waya. Upande mmoja kwa kawaida una nyaya zaidi ya moja, pale panakutana waya wa umeme na ule unaokwenda R ya kompresa, upande mwingine una ule wa S peke yake. Kapasita haina chanya wala hasi, hivo upande gani uanze hauna shida, ila nyaya zilizokuwa pamoja zibaki pamoja. Hapo ndo picha ya simu inakusaidia.

Angalia vishikio vyenyewe. Kama kimoja kimebadilika rangi kimekuwa cheusi au cha bluu bluu, kimelegea kikawa kinachemka, ukikirudisha hivyohivyo kwenye kapasita mpya utakuwa umeipeleka kufa. Kata, bana kishikio kipya kwa plaizi ya kubania, kiingie kwa kubana mpaka usikie kimekamata. Kapasita mpya ipime kabla hujaifunga. Ikae kwenye mkanda wake haichezi, na juu yake uache nafasi kama sentimita moja na nusu, kwa sababu ile ya mkebe wa aluminiamu ikija kuharibika imetengenezwa mfuniko uvimbe uchane waya wa ndani ili isilipuke, ikibanwa juu hiyo kinga haifanyi kazi.

Rudisha mfuniko, washa breka, subiri dakika tatu au zaidi kabla ya kuwasha AC. Kompresa ianze kwa mlio mmoja wa haraka alafu itulie. Kama unaweza kuazima klampu mita, ile inayokumbatia waya, pima ampia ulinganishe na zilizoandikwa kwenye bati la mashine ya nje, zikiwa juu ya pale zima uite mtu.

Fundi sasa. Niko Kisauni Mombasa. Fundi alikuja akapata kapasita imeharibika, iliandikwa 35. Dukani wakakosa 35 wakampa 50, akasema hiyo ni poa zaidi kwa sababu kubwa ina nguvu. AC inafanya kazi lakini nyuma ya mashine kunachoma sana. Ni kawaida? (Msomaji wa Kisauni)

Sio kawaida, itoeni hiyo 50 leo. Kapasita sio betri ya gari kwamba kubwa ni bora. Mtengenezaji alichagua 35 kulingana na hiyo koili, ukiweka 50 umeme unaopita kwenye koili ya kustatia unazidi, na koili hiyo waya wake kwa kawaida ni mwembamba, inachemka taratibu mpaka inaungua. Inaweza kwenda miezi, na ikiungua siku hiyo hakuna atakayekumbuka kapasita. Ndogo nayo ni mbaya, ukiweka 25 mota inakosa nguvu, inaanza kwa shida, siku umeme ukiwa mdogo inashindwa kabisa.

Lebo inaandika 35 na asilimia tano juu au chini, kwa hiyo nzima inasoma kati ya 33.25 na 36.75. Hapo ndo pa kuchezea, zaidi ya hapo hapana. Volti ni kinyume chake, volti kubwa haina shida. Kama ya zamani ilikuwa 370 unaweza kuweka 450, ila ya 450 usiirudishie 370.

Mkikosa 35 kabisa kuna njia ya halali: 30 na 5 zikiunganishwa sambamba, ncha mbili za moja na ncha mbili za nyingine, zinajumlika zinakuwa 35. Zote ziwe za 450 na zote ziwe za kutembea. Nasema za kutembea kwa sababu dukani kuna kapasita nyeusi za plastiki, fupi nene, zimeandikwa mamia ya maikrofaradi, hizo ni za kustatia tu, zinaingia sekunde moja mbili zinatoka. Ukiiacha humo muda wote inapasuka.

Na ukienda dukani nenda na mita, au nenda na fundi mwenye mita, ipimwe hapohapo juu ya kaunta kabla hujalipa. Muuzaji mzuri hakatai. Kuna mikebe inazunguka sokoni imebandikwa lebo ya 35 ukiipima inasoma 28.

Assalamu aleikum. Nina nyumba ya wageni ndogo Nungwi, AC za vyumba zinaelekea baharini. Kapasita zinakufa kila baada ya miezi mitano sita, nabadilisha tu. Nimeshachoka. Kosa ni la kapasita au la umeme? (Mwenye nyumba ya wageni, Unguja)

Waaleikum salaam. Swali zuri sana hili. Chukua moja ya zilizokufa uifute vumbi usome maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Baada ya 450V utakuta herufi moja, A, B, C au D. Hizo ni daraja za uhai kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60252-1: A ni masaa 30,000, B ni 10,000, C ni 3,000, D ni 1,000. Nyingine zina mistari miwili, 400V B na 450V C, maana yake kikopo hichohicho kikibeba volti 400 kimepangiwa masaa 10,000 lakini kikibeba 450 ni 3,000 tu.

Sasa piga hesabu ya wageni wako. Mgeni anawasha AC akiingia na haizimi mpaka anaondoka. Kompresa ikitembea masaa 18 kwa siku, masaa 3,000 yanaisha kwenye siku 167, ambayo ni miezi mitano na nusu. Yani kama umekuwa ukinunua daraja C, hizo kapasita hazifi mapema, zinakufa siku zake. Daraja B kwa mwendo huohuo itakupeleka mwaka na nusu, A miaka minne na kitu. Bei ya A iko juu ila ukijumlisha nauli ya fundi na mgeni aliyelala na joto akaondoka amekasirika, A ni rahisi zaidi.

Ukishasoma herufi soma na namba tatu zenye mikwaju, kwa mfano 25/70/21. Ya kati ndo yako: 70 ni joto la juu kabisa ambalo kapasita inavumilia. Zipo za 85, na kwa mashine iliyopigwa jua la mchana tafuta hizo. Ndani ya kapasita kuna plastiki nyembamba imepakwa chuma, kila inapotobolewa na volti kubwa au joto pale palipotoboka panajiziba, lakini kila kiraka kinapunguza maikrofaradi kidogo, ndo maana nyingi hazifi kwa kishindo, zinapungua 35, 32, 28 mpaka siku kompresa inashindwa kuanza.

Ya umeme nayo usiiache. Pima volti usiku wageni wote wakiwa wamewasha. Ikishuka chini ya 200 kompresa inaanza kwa taabu, ikipanda 250 kapasita inabeba mzigo zaidi ya hesabu. Weka voltage gadi, kile kifaa cha kukata umeme ukishuka au ukipanda sana, kwa kila AC, ile inayochelewesha dakika tatu na zaidi umeme ukirudi, kwa sababu kompresa ikiwashwa papo hapo gesi bado imebanwa upande mmoja, inashindwa kuanza inanguruma. Na chumvi ya bahari: mapezi ya nyuma yakishaziba kwa chumvi na vumbi joto halitoki, boksi lote linachemka pamoja na kapasita. Osha kwa maji baridi ya bomba, breka ikiwa imezimwa, presha ya kawaida isije ikalaza mapezi. Upande wa bahari mi ningeosha kila mwezi. Vishikio vya nyaya vikianza kuota kijani badilisha.

Fundi wako kama ana klampu mita anaweza kuzikagua bila kufungua kitu, AC ikiwa inatembea. Anapima ampia kwenye waya wa S, anapima volti kati ya ncha mbili za kapasita, anazidisha ampia kwa 3183 anagawa kwa volti, jibu ni maikrofaradi, hii ni kwa umeme wetu wa 50 hezi. Mfano ampia 4.1 na volti 380 inakuja 34.3, nzima. Ikija 30 andika jina la chumba, ibadilishwe kabla haijamkuta mgeni. Ila hii ni ya fundi, nyaya ziko moto, usimpe kijana wa mapokezi.

Salaam fundi, niko Maskat. AC ya hapa iko juu ya paa, feni haizunguki mpaka niisukume na kijiti ndo inaenda. Kompresa inatembea kawaida. Kikopo kina sehemu tatu zimeandikwa C, HERM na FAN. Nibadilishe mota ya feni? (Msomaji wa Maskat)

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Feni ikisukumwa inaenda, hiyo ni kapasita, mota inaelekea ni nzima. Hapo unayo kapasita ya pamoja, mbili ndani ya mkebe mmoja. C ni ya wote, HERM inakwenda kompresa, FAN inakwenda feni. Lebo itaandika namba mbili, mfano 45+5, kubwa ya kompresa na ndogo ya feni. Upande wa FAN umekufa, upande wa HERM bado. Kwanza imwage umeme pande zote, C na HERM, C na FAN, alafu HERM na FAN, ndo upime C na FAN peke yake, C na HERM peke yake, nyaya zikiwa zimetolewa.

Badilisha mkebe mzima, kwa sababu HERM imekaa kwenye joto lilelile lililoua FAN. Ukikosa ya pamoja unaweza kuweka mbili za kawaida, ya 45 na ya 5, upande mmoja wa zote mbili ukaunganishwa pale C. C usiichanganye na wenziwe, nyaya zikigeuzwa hapo unaunguza mota.

Na kijiti uache. Feni ikiwa imesimama huku kompresa inatembea, joto la gesi halina pa kutokea, presha inapanda kwa dakika chache, na kwa jua la Omani mwezi wa sita hapo paa ni tanuri. Zima mpaka kapasita ipatikane. Kapande huko juu alfajiri au baada ya magharibi, sio saa sita mchana, beba maji, na mtu ajue uko paani.

Fundi yangu ni inveta, inaonyesha kodi (code) ya kosa na nje haiwaki. Nimefungua sijaona hicho kikopo. Kapasita yake iko wapi? (Dodoma)

Hutaiona. Inveta kompresa yake inaendeshwa na bodi, haitumii kapasita ya aina hii. Kapasita zake ni zile nyeusi zenye mfuniko bapa zimesimama kwenye bodi yenyewe, zinashika volti zaidi ya 300 za DC na zinaweza kukaa nazo dakika nyingi baada ya kuzima. Funga mfuniko usiguse. Andika hiyo kodi, soma namba ya modeli kwenye bati, tafuta fundi wa bodi za inveta, sio kila fundi AC anaziweza na aliye mkweli atakwambia. Na akija mtu akakuuzia kapasita ya 35 kwa ajili ya inveta yako, msindikize mpaka getini.

Kaka fundi, kapasita yangu imevimba juu kama mfuniko wa soda ulioinuka, ila AC bado inapoza vizuri. Niiache mpaka ife? (Kigamboni)

Hapana, usiiache. Ikivimba ile kinga ya ndani imeanza kufanya kazi na kuna siku itakata ghafla, mara nyingi mchana wa joto kali. Ikiwa na mafuta yanayotoka pembeni ndo zaidi, hiyo usiishike kwa mkono mtupu. Piga picha lebo yake yote, namba, volti, ile herufi ya daraja, na ukubwa wa mkebe, maana mkebe mnene haukai kwenye mkanda wa mwembamba. Nunua nyingine hivyohivyo, ipimwe kaunta, na fundi akija aibadilishe kama nilivyomwelekeza kijana wa Kimara hapo juu. Ile kuukuu ikishamwagwa umeme ifunge ncha zake kwa kipande cha waya uiweke mbali na watoto mpaka upate pa kuipeleka na vyuma chakavu vingine, usiichome na takataka za nyumbani.